Ndege ya mbao, vumbi la msasa na kifua cha mtoto

Mtoto ana miaka 11 na ana pumu. Kwa miaka mingi orodha ya vitu anavyokatazwa imekuwa ndefu kuliko ya vile anavyoruhusiwa. Mpira kwenye uwanja wa vumbi, hapana. Paka wa jirani, hapana. Kulala kwa shangazi mwenye mazulia, hapana. Likizo ya Desemba akaja na ombi jipya: alitaka kutengeneza ndege ya mbao.

Hakutaka ile ya mabua ya mtama yenye matairi ya ndala, ambayo karibu kila mzazi anayesoma hapa aliwahi kuiunda utotoni. Huyu alitaka mfano wa ndege halisi, yenye vipimo sahihi, iliyochongwa kutoka kipande cha mbao bila kununua hata kiungo kimoja kilicho tayari. Tena alitaka ikae juu ya ubao pamoja na uwanja wake, minazi, watu na mbuzi. Waundaji wa mifano huita mandhari ya namna hiyo diorama, yaani tukio dogo lililosimamishwa lisisogee.

Tukio lenyewe alikuwa nalo. Mwaka uliotangulia bibi yake alianguka kisimani huko Mafia akavunjika nyonga, na familia ikachanga fedha akaletwa Dar es Salaam kwa ndege ndogo iliyoondolewa baadhi ya viti. Mtoto alikuwa kule likizo. Alisimama nje ya uzio wa uwanja wa Kilindoni akiona bibi anainuliwa, mlango unafungwa, propela inaanza kuzunguka. Mama yake anasema tangu siku ile mtoto hajawahi kulizungumzia jambo hilo kwa maneno. Amekuwa akilichora tu, kwenye kurasa za nyuma za madaftari.

Kwa hiyo mama, anayeishi na watoto wake Temeke, hakuweza kusema hapana mara ya kwanza. Alimpigia kaka yake, fundi seremala wa Keko, akamwomba ampatie mpwa wake vipande vya mbao. Mjomba akaleta mfuko mzima jioni ileile, na msasa juu.

Usiku wa pili, saa nane, mtoto aliamka akihema kama aliyekimbizwa.

Kilichotokea chumbani

Mfuko ule ulikuwa na mabaki ya mvule na mninga. Kwa seremala hiyo ni zawadi ya heshima, maana ni mbao za milango na vitanda vya kudumu. Kwa mtoto mwenye pumu ni chaguo baya. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi, macho na njia ya hewa, na lile la mninga pia huweza kuchokoza kifua. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, akisugua mbao kavu kwa msasa mkavu kwa saa mbili. Kisha akalala palepale, kwenye shuka lililojaa unga.

Hapa kuna tofauti ambayo wazazi wengi hawaijui. Kuchonga kwa kisu na kukata kwa msumeno wa mkono hutoa zaidi vipande na machicha yanayoanguka chini na kufagiliwa. Msasa hutoa unga laini unaoelea hewani na kuvutwa ndani ya mapafu. Mtu anaweza kutazama sakafu safi akadhani hakuna vumbi, kumbe lipo kwenye hewa anayovuta.

Dawa ya kupuliza ya bluu ilimtuliza mtoto baada ya muda. Asubuhi mama alitupa mfuko wote jalalani, pamoja na kiwiliwili cha ndege kilichokuwa kimeanza kupata umbo. Mtoto hakulia. Alirudi kwenye daftari lake.

Kliniki mama alitarajia kukaripiwa. Daktari alisikiliza kifua, akauliza kuhusu mbao, halafu akauliza swali lililomshtua: ile dawa nyingine, ya kila siku, anaipuliza mara ngapi? Jibu lilikuwa kwamba haipulizi. Iliachwa miezi miwili nyuma, mtoto alipoonekana mzima.

Kosa hili ni la kawaida mno, na linastahili kuelezwa polepole. Mtoto mwenye pumu ya mara kwa mara huwa na dawa za aina mbili. Ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni ya salbutamol kwenye kopo la bluu, hufungua njia ya hewa haraka wakati wa shida. Ya kuzuia, yenye kiasi kidogo cha steroidi, hupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, na kazi yake huonekana ikitumiwa kila siku hata mtoto akiwa anaruka na kucheza. Akiwa mzima, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Kuiacha bila kumuuliza daktari ni kuondoa paa kwa sababu mvua hainyeshi ndani.

Dalili moja inayosaidia: mtoto akihitaji ile ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa na anapaswa kuonwa upya. Mama alihesabu vidole vyake. Wiki hiyo ilikuwa mara tano, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa kabla mfuko wa mbao haujafika nyumbani.

Kwa hiyo ndege haikuwa mshitakiwa peke yake. Daktari alirudisha dawa ya kuzuia, akamwonyesha mtoto namna ya kupuliza kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa kopo. Unatikisa kopo, unapuliza mara moja ndani ya chupa, mtoto anavuta na kutoa pumzi taratibu kupitia mdomo wa chupa mara tano au sita, ndipo mpulizo mwingine kama ameandikiwa. Baada ya ile ya steroidi anasukutua mdomo na kutema. Bila chupa, dawa nyingi huishia kwenye ulimi. Na hapana, dawa hiyo haimfanyi mtoto ‘azoee’, ingawa uvumi huo hausikii.

Kuhusu ndege, jibu lilikuwa kwamba anaweza kuitengeneza ikiwa vumbi litadhibitiwa.

Kuanza upya, kwa paina

Safari hii mjomba alileta paina. Ni mbao laini, nyeupe, inayochongeka kwa kisu na kupatikana kwa bei nafuu kwenye mabaki ya karakana. Haina usalama wa asilimia mia, kwani utomvu wake huwasumbua baadhi ya watu, na kwa mtoto mwenye pumu ni vizuri kuanza na kipande kidogo na kuangalia kifua kinasemaje siku hiyo na inayofuata. Kifua kilinyamaza.

Ndege waliyoichagua ni Cessna Grand Caravan, aina ambayo msomaji wa Mafia, Zanzibar, Arusha au Kigoma amewahi kuiona: injini moja puani, mabawa juu ya kiwiliwili, nguzo moja ya kutegemeza kila bawa, matairi yasiyokunjwa, na kisanduku cha mizigo kilichobandikwa chini ya tumbo. Familia ya Caravan iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na imepata umaarufu kwa kutua kwenye viwanja vifupi na vya udongo. Ndege ndogo na afya ni ndugu wa zamani katika ukanda huu. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa kuruka Afrika Mashariki, ile ambayo leo ni Amref. Hadi sasa Caravan ni miongoni mwa ndege zinazobeba wagonjwa.

Hesabu zilifanywa mezani, na mtoto ndiye aliyeshika kalamu. Ndege halisi ina mabawa ya mita 15.87 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa mita 12.68. Walichagua kipimo cha 1 kwa 48, yaani kila sentimita 48 za ndege halisi zinakuwa sentimita 1. Mabawa yakawa sentimita 33, urefu sentimita 26 na kidogo. Mtu wa mita 1.70 akawa sentimita 3 na nusu, ukubwa wa njiti ya kiberiti iliyopungua kidogo. Mtoto aliyekuwa akipata shida na desimali shuleni alizikokotoa tairi, mkia na mlango bila kusukumwa. Mama alimtazama akanyamaza.

Kuchonga ndege kutoka kipande cha mbao kuna utaratibu wake. Unachora umbo la ubavuni kwenye karatasi, unalikata, unalibandika kwenye upande wa kipande. Umbo la kutazamwa kutoka juu linabandikwa upande wa juu. Mjomba alikata maumbo yote mawili kwa msumeno kule Keko, mtoto akiwa nyumbani, na hilo lilikuwa sharti la mama. Kilichorudi kilikuwa ndege ya pembe nne, kama sanduku lenye pua. Kuanzia hapo ni kisu na subira: unapunguza pembe kidogo kidogo, unageuza, unatazama, unalinganisha na kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa umbo la mzingo wa kiwiliwili. Mbao ukishaiondoa hairudi, na mtoto alijifunza hilo kwenye mkia wa kwanza.

Kisu kilikuwa kidogo na kikali. Inaonekana kama uzembe, lakini kisu butu ndicho kinachoteleza kwa sababu mtoto hulazimika kukikandamiza. Sheria mbili zilitosha: kisu kinaelekea mbali na mkono ulioshika mbao, na mtu mzima yupo mezani. Alijikata mara moja, kidole gumba, si sana. Jeraha la namna hiyo huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha hukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika kama kumi bila kufunua kila mara kuchungulia. Majani ya kahawa na dawa ya meno hayana kazi hapo. Kinachotakiwa kukumbukwa ni chanjo ya pepopunda: kadi ya kliniki inatazamwa, na kama haikukamilika au jeraha ni la kina na chafu, mtoto anapelekwa kituo cha afya.

Msasa ndio uliokuwa mtihani. Walitumia msasa wa maji, ule wa mafundi wa kunyoosha bodi za magari, ukichovywa kwenye bakuli. Unga unakuwa tope, haupandi hewani. Paina ikilowa huinua nyuzi zake na kuwa na manyoya, kwa hiyo unaiacha ikauke na kurudia kwa msasa laini zaidi. Ni kazi ya siku mbili badala ya saa moja. Ilifanyika nje, chini ya mwembe, mtoto akikaa upande upepo unakotokea ili umpeleke unga mbali naye. Meza ilifutwa kwa kitambaa kibichi, haikupigwa ufagio. Nguo alibadilisha kabla ya kuingia ndani, na nywele zikaoshwa. Barakoa ya kitambaa ilikuwepo, lakini isitegemewe: unga laini hupita pembeni, na barakoa nzuri za mafundi mara nyingi ni kubwa kwa uso wa mtoto.

Ni hapo chini ya mwembe ndipo mama alipomgeukia kaka yake. Mjomba ana zaidi ya miaka 15 karakana, na kikohozi cha asubuhi ambacho amekizoea kama saa ya ukutani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Hatari hiyo inamhusu anayelivuta siku zote kwa miaka mingi. Yaani mjomba kuliko mpwa.

“Kaka, mtoto tunamlowanishia msasa, na wewe je?”

“Dada, kule Keko nikilowanisha kabati la mteja nitalipa mimi.”

Ni kweli, na ndiyo sababu ushauri wa afya usioijua karakana hausaidii. Samani za kuuza hazisuguliwi kwa maji. Kilichowezekana ni barakoa halisi ya vumbi badala ya shati lililofungwa usoni, kusugulia nje ya banda, na kupima kifua. La mwisho hilo bado analiahirisha.

Siku ya bawa

Ugomvi mkubwa haukuwa wa vumbi. Bawa la sentimita 33 lilichongwa kutoka ubao mwembamba, mbele mviringo, nyuma likiishia ukingo mkali, na ncha zikiinuka kidogo. Mtoto alilikosea upande wa kushoto likawa jembamba kuliko la kulia. Mjomba, kwa upendo kabisa, alilichukua kutoka mikononi mwake, akalimaliza kwa robo saa. Likatoka zuri ajabu. Mtoto akaondoka mezani na hakurudi siku tatu.

Wazazi wanaopewa kazi za mikono za shule wanalijua jambo hili. Saa tano usiku mtoto amelala, mama na baba wamepiga magoti wanabandika nyumba ya udongo, na kesho mwalimu anatoa alama 90 kwa kazi ya watu wazima. Mtoto anaona alama na anajua si zake. Kwa mtoto ambaye mwili wake umekuwa ukiamuliwa na watu wengine tangu alipozaliwa, akaambiwa kaa, usikimbie, vaa sweta, kunyang’anywa bawa ni jambo zito zaidi.

Mama ndiye aliyeamua. Bawa zuri liliwekwa kabatini, mjomba akaombwa alete ubao mwingine. Lililo kwenye ndege leo ni la mtoto. Ukilitazama kwa mbele, upande mmoja umelala kidogo.

Gundi ilikuwa nyeupe ya mbao, ile ya maji. Inakauka polepole lakini haina mvuke mkali. Gundi kali za kushika papo hapo hutoa mvuke unaochokoza macho na kifua, na zina hatari nyingine mbili ambazo kila nyumba inapaswa kuzijua. Zikimwagika kwenye nguo ya pamba huweza kupata joto la kuunguza ngozi. Pia baadhi ya vichupa vyake vinafanana na vya dawa ya macho, na watu wamezidondosha machoni kwa makosa. Ikitokea, suuza kwa maji mengi, usilazimishe kope kufunguka, wahi hospitali. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni uviachanishe taratibu, usivivute. Kichupa kisikae rafu moja na dawa.

Rangi nayo ilikuwa ya maji, kwa brashi, tabaka jembamba tatu. Ya kopo la kupuliza ingetoka laini zaidi, lakini wingu lake halifai kwa kifua hiki. Madirisha yalipakwa rangi ya kijivu iliyokoza badala ya kutobolewa. Matairi yalikatwa kwenye ndala ya zamani, propela ya mapanga matatu ikatoka kwenye vijiti vya aiskrimu, nguzo za mabawa ni mishikaki iliyochongwa bapa, na mabawa yakashikiliwa na njiti za meno zilizopita ndani ya kiwiliwili kama misumari.

Uwanja ulipita haraka. Ubao wa sentimita 60 kwa 45, mchanga uliopepetwa ukiwa na unyevu juu ya gundi, nyasi za katani iliyotiwa rangi, minazi ya waya na karatasi, soksi ya upepo kutoka shati chakavu. Mdogo wake wa miaka miwili alizuiwa meza hiyo kabisa. Mbuzi wa sentimita moja na nusu huingia kooni mwa mtoto mdogo bila taabu.

Katika wiki sita za kazi, dawa ya bluu ilitumika mara mbili tu, zote wakati wa mafua. Mama ameziandika kwenye kalenda ya jikoni. Ukutani hapo pia kuna karatasi ya dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi: mtoto hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, nyama ya kati ya mbavu inazama anapovuta hewa, midomo inabadilika rangi, au dawa ya kutuliza haimsaidii. Hata akiwa njiani, aendelee kupulizwa kwa chupa.

Bibi alikuja mwezi Februari, akitembea kwa fimbo. Mtoto alimshikia kiti mbele ya meza.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mume wangu. Nionyeshe hiyo ndege yako.”

Aliitazama muda mrefu. Alitaja uzio, akataja mnazi uliopinda karibu na lango, akacheka alipomwona mbuzi. Kisha akaweka kidole juu ya vijitu vinne vilivyobeba machela nyeupe kuelekea mlango wa ndege.

“Hapa umekosea. Machela haikuwepo. Walinibeba kwa kitanda changu cha kamba, kile cha ukumbini. Kwanza walitaka kukiacha nikakataa.”

Mtoto akachukua rula. Kitanda cha mita 2 kwa kipimo chao ni sentimita 4 na kidogo. Miguu ingeweza kuwa ya njiti za meno. Kamba zilimsumbua zaidi, mpaka mama alipotoa uzi wa kushonea rangi ya kahawia, na bibi akasogeza kiti karibu kumwonyesha jinsi unavyosukwa.